Kofia Pana Haitoshi

Kila nikifungua gazeti la muziki wa kantri wa Marekani, huwa najua picha itakavyokuwa kabla sijaiona: kofia pana, buti za ngozi, gitaa, gurudumu la mkokoteni na nyasi kavu zilizofungwa. Mwimbaji hubadilika, vitu ni vile vile. Nami nauliza, msomaji mpenzi: aliyepanga mavazi na vifaa hivyo alimwuliza mwimbaji yeye ni nani, au alimvika tu?

Swali hili si la mzaha. Picha ni shahidi, na mavazi ndiyo maneno yake. Sisi watu wa pwani twalijua hilo. Mtu hawi sheikh kwa kuvikwa kilemba.

Tazama mambo yalivyoanza. Mwaka 1925, mjini Nashville, redio ya WSM ilianzisha kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry. Mmoja wa wapigaji wa mwanzo alikuwa Humphrey Bate, tabibu msomi. Yeye na wenziwe walipigwa picha wakiwa na suti na tai kama waungwana wa mjini. Baadaye bendi ikapewa jina la Possum Hunters, yaani wawindaji wa kijinyama cha mwituni, na picha zikawaonyesha katika nguo za shamba. Tabibu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni vazi, na umma ukaamini vazi.

Sisemi kwamba pambo ni dhambi. Nudie Cohn, fundi cherehani aliyezaliwa Kiev mwaka 1902, alishona huko North Hollywood suti zilizometameta ambazo hakuna mchunga ng'ombe angezivaa kazini. Suti za Porter Wagoner zilitariziwa magurudumu ya mkokoteni, kwa kuwa jina lake lakaribia neno la Kiingereza lenye maana ya mkokoteni. Hilo ni pambo lenye akili: lamtaja mwenyewe. Naye Jim Reeves, ambaye sauti yake yapendwa sana hapa Kenya, alipigwa picha nyingi akiwa na suti ya kawaida, na hakuna aliyesema haimbi kantri.

Kinachoniuma ni wale walioachwa nje ya picha. Banjo, chombo kinachowekwa mbele ya kamera kama alama ya Wazungu wa milimani, asili yake ni vibuyu vilivyowambwa ngozi, ambavyo Waafrika waliopelekwa utumwani walivifahamu kutoka Afrika Magharibi. Wachunga ng'ombe wengi wa zamani walikuwa weusi na Wameksiko. DeFord Bailey, mtu mweusi, alipuliza kinanda cha mdomo katika Opry mpaka mwaka 1941. Na Charley Pride alipoanza kutoa sahani zake mwaka 1966, zilipelekwa redioni bila picha yake, ili watu waipende sauti kabla ya kuiona ngozi.

Ndiyo maana mwaka 2024 wengi walishtuka Beyoncé alipotokea kwenye jalada la Cowboy Carter juu ya farasi mweupe, kofia pana kichwani. Walidhani ameazima vazi la watu. Lau picha za miaka mia zingesema kweli, nani angeshtuka?

Basi ushauri wangu kwa wapangaji wa picha ni mwepesi. Kabla ya kukodi kofia, mwulize mwimbaji alikozaliwa, kazi ya wazee wake, na chombo alichojifunzia. Akiwa mtoto wa mchimba makaa, mpe taa ya mgodini. Akiwa wa mjini, mwache na suti yake. Na banjo ikiwekwa, maelezo chini ya picha yataje ilikotoka.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Hawa hawakuiacha asili yao. Waliondolewa kwenye picha. Anayepanga picha leo ana uwezo wa kuwarudisha, na kazi hiyo haimgharimu hata bei ya kofia moja.