Steep: mchezo wa theluji unaofungia watu nje

Mahagi-Port, Ituri – Mchezo wa video Steep, uliotolewa na Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2016, unasifiwa kwa kuonyesha mteremko wa theluji kama ulivyo. Ni kweli: ubao unaacha alama, na anayekosea anaanguka vibaya. Lakini unadai intaneti muda wote, hata kwa anayecheza peke yake. Kijana wa hapa, au aliyekimbia vita na wazazi wake, atatoa wapi megabaiti hizo wakati chakula chenyewe ni shida? Aliyenunua kitu asiombe ruhusa kila siku ili akitumie. Milima ya Alps imo. Ruwenzori yetu, yenye theluji inayozidi kuyeyuka, haimo. Watengenezaji waruhusu mchezo uchezwe bila intaneti.