Mlima Usiongezewe Theluji

Warsha ya kupiga picha za mandhari kwa kawaida ina vipindi viwili. Alfajiri na magharibi wanafunzi huwa nje, kamera zikiwa juu ya stendi za miguu mitatu, wakisubiri ule mwanga wa ubavuni unaochonga vilima na mabonde. Mchana, jua likiwa limepaa na kila kitu kimepauka, hukaa kivulini na kompyuta zao wakifundishwa kuhariri walichopiga. Hivyo ndivyo inavyokuwa Yosemite na Iceland, na ndivyo inavyokuwa kwa wageni wanaoletwa Amboseli, Ngorongoro na Ziwa Natron kwa safari za aina hiyo. Hoja yangu inahusu kipindi cha pili. Naamini mwalimu wa warsha na kampuni inayouza safari wana wajibu wa kufundisha mpaka mmoja: mwanga uhariri upendavyo, lakini kilichokuwepo mbele ya kamera, yaani mlima, barafu, maji, miti, hata mwezi, usikiongeze, usikifute wala kukihamisha bila kumwambia mtazamaji.

Wapo watakaosema picha zimehaririwa tangu zamani, nao wanasema kweli. Faili ghafi linalotoka kwenye kamera ya leo huwa limefifia. Lazima mtu aamue giza lianzie wapi na weupe uishie wapi. Ansel Adams, Mmarekani ambaye wengi humhesabu kuwa mkuu wa sanaa hii na aliyefundisha warsha Yosemite kwa miaka mingi, alikuwa fundi wa chumba cha giza kuliko karibu wote wa zama zake. Picha yake maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliisafisha tena na tena katika maisha yake, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kulitia anga weusi, hadi mawingu mepesi yaliyoonekana katika nakala za mwanzo yakamezwa. Lakini tazama kilichofuata. Adams hakuwa ameandika tarehe ya picha hiyo, na mwaka alioutaja mwenyewe ulikuwa ukibadilika. Miaka 40 hivi baadaye mtaalamu wa falaki alipima mahali mwezi uliposimama juu ya kijiji, mwingine akaja kuirekebisha hesabu yake, na jibu likapatikana: jioni ya Novemba 1, 1941. Weusi wote ule wa anga haukuizuia hesabu. Kama mwezi ungesogezwa kidogo ili upendeze zaidi, picha ingebaki nzuri na ushahidi wake ungekufa. Ni kweli pia kwamba Adams huyohuyo, katika picha ya milima ya Sierra Nevada ya mwaka 1944, alizifuta herufi mbili kubwa ambazo wanafunzi wa shule ya Lone Pine walikuwa wamezichora kilimani. Hapo aliuvuka mpaka ninaoutetea. Lakini alilieleza jambo hilo kwa kalamu yake mwenyewe, na ndiyo maana leo tunalijua.

Kilichobadilika ni urahisi. Jarida la National Geographic lilipozisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, kazi hiyo ilihitaji mitambo ya gharama kubwa. Photoshop ilitoka mwaka 1990. Mwaka 2020 ikaongezewa kitufe cha kubadilisha anga zima, na mwaka 2023 uwezo wa kuandika maneno machache tu na programu ikachora kitu ambacho hakikuwepo. Mashindano ya mpiga picha bora wa mandhari nchini Uingereza yalilazimika mwaka 2012 kumvua mshindi taji lake baada ya kubainika kwamba mawingu yake yalitoka katika picha nyingine. Leo mwanafunzi wa siku mbili anaweza kufanya yote hayo kabla chai haijapoa.

Hapa kwetu jambo hili linagusa zaidi ya sanaa. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga Mlima Kilimanjaro picha za upimaji, na ramani iliyotokana nazo ndiyo wanasayansi wanayoanzia kuhesabu barafu iliyopotea. Utafiti wa Lonnie Thompson na wenzake, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu mwaka 1912 ilikuwa imetoweka. UNESCO nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatarajiwa kwisha ifikapo 2050. Maana yake ni kwamba huu ndio wakati ambao kila picha ya kweli ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina thamani. Mtu akiuongezea mlima theluji ili tangazo la safari livutie, mtazamaji hana namna ya kumkamata, kwa sababu baada ya mvua kilele kinaweza kuwa cheupe kwa siku kadhaa kisha kikarudi kuwa mwamba mtupu. Uongo unajificha nyuma ya jambo linalowezekana. Atakayetaka kujua mwaka 2070 barafu ilifika wapi katika siku zetu atakuta maelfu ya picha asizoweza kuziamini.

Nimesikia hoja kwamba maelezo chini ya picha hayatoshi, kwani picha husafiri na maelezo hubaki. Mfano upo Natron. Mwaka 2013 Mwingereza Nick Brandt alitoa picha za ndege na popo waliokaushwa na magadi ya ziwa hilo. Alisema wazi kwamba mizoga aliiokota ufukweni na kuipanga juu ya matawi na mawe kana kwamba iko hai. Hata hivyo picha zilizunguka dunia bila maneno yake, na watu wengi wakaamini kwamba ziwa linageuza viumbe kuwa jiwe papo hapo. Kumbe ziwa hilo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale ndege wa rangi ya waridi waitwao pia flamingo. Brandt hakudanganya, na kazi yake naiheshimu. Ninachojifunza hapo ni kwamba palipo na biashara ya safari, ambapo picha ni ahadi kwa mteja, ni salama zaidi kutogusa kabisa kilichopo kuliko kugusa na kutegemea maelezo.

Wafanyabiashara watajibu kwamba mgeni hununua ndoto na mshindani hana haya. Lakini mgeni huyo atasimama mbele ya mlima wenyewe, na atakayebeba lawama ya theluji iliyokosekana ni mwongozaji wake, ambaye hakuihariri picha hiyo. Tena mandhari yetu haijapungukiwa kiasi cha kuhitaji kubandikwa anga la nchi nyingine. Msanii anayetaka kubuni milima yake ana uhuru wote, mradi asiiite Kilimanjaro na kuiuzia tiketi.

Kwa hiyo kampuni zinazoandaa safari hizi ziliweke sharti hilo la kutogusa kilichopo katika matangazo yao na katika masomo ya warsha zao, na waandaaji wa mashindano ya picha za utalii wadai faili ghafi kabla ya kumtangaza mshindi. Nawe msomaji, ukiipiga Kibo picha kwa simu ukiwa Moshi, Rombo au Loitokitok, ihifadhi kama ilivyotoka, uandike tarehe na mahali uliposimama.