Julai hii, kucha zivae damu ya mzee

Ninaandika ukurasa huu nikiwa nimejitanda leso mbili, soksi miguuni, na mikono peke yake ndiyo iliyo nje. Anayeishi Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu hahitaji kuelezwa. Tangu Juni ilipoingia, jua limekuwa mgeni wa saa nane mchana anayeaga kabla chai haijachemka. Usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au karibu na hapo, na asubuhi kwenye steji utaona makoti tu: jeusi, la kijivu, jeusi tena, kana kwamba mtaa mzima unakwenda mazishini.

Ni katika hali hiyo, mapema mwezi uliopita, ndani ya matatu ya kuelekea mjini, nilipouona mkono mmoja. Mwenyewe sikumwona uso, maana alikuwa amejiviringisha skafu hadi machoni. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha kiti, na kucha zilikuwa fupi, safi, zimepakwa rangi ya damu ya mzee. Katika gari lile lote, kilichokuwa na uhai ni kucha zile tano. Niliziangalia kutoka Umoja hadi Muthurwa, na niliposhuka nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba baridi ya mwaka huu sitaipokea mikono mitupu.

Majarida ya urembo ya Ulaya na Marekani hutangaza rangi nzito inapofika Septemba, majani ya miti yao yakigeuka rangi na kupukutika. Basi nasi huku tunasubiri Septemba iyo hiyo, wakati jakaranda zinaanza kuchanua jijini na jua limerudi kuchoma visogo, ndipo tujipake rangi za baridi! Mimi naona tunafuata kalenda ya wenyewe. Msimu wetu wa rangi nzito ni huu, Juni hadi Agosti, na Septemba ikiingia tuchukue rangi za maua.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba jirani yangu wa ghorofa ya pili anisindikize soko la Mutindwa. Huyu ni mama mtu mzima, ana binti anayetarajiwa kupelekewa mahari mwezi ujao, na kwa kuchagua vitu vya bei nafuu hana mpinzani. Tulirudi na chupa nne, kila moja shilingi 100 baada ya yeye kuvutana na muuzaji kwa robo saa nzima.

Nilipokuwa msichana hakuna aliyesema "rangi ya kucha". Tulisema Cutex, hata chupa ikiwa ya kampuni nyingine kabisa, na wengi wetu bado tunasema hivyo. Cutex yenyewe ni ya Kimarekani. Ilianza mwaka 1911 kwa kuuza dawa ya maji ya kulainisha ile ngozi ya kandokando ya ukucha, na rangi ikafuata miaka michache baadaye. Revlon nao, ambao leo wanajulikana kwa kila kitu cha usoni, walianza mwaka 1932 kwa rangi ya kucha. Kwa hiyo dada, mume akikuuliza kwa nini unapoteza pesa kwa upuuzi wa kichupa, mwambie upuuzi huo umejenga makampuni.

Sasa matokeo. Kila rangi niliipa siku zake, nikifua, nikipika, nikiosha vyombo kama kawaida, kwa sababu rangi inayodumu kwa mtu asiyeosha sufuria hainihusu.

Rangi ya chai ya maziwa, ile wanayoisifu wafanyakazi wa ofisini, kwangu ilipotea. Ngozi yangu ni nyeusi ya kutosha, na nilionekana kama mtu aliyesahau kunawa unga wa chapati. Binamu yangu aliye mweupe kidogo aliipaka ikampendeza, nami sikumnyima chupa.

Zambarau iliyokolea nilidhani itakuwa malkia wa msimu. Mwanangu wa gredi ya sita aliniangalia mkono mezani, akaacha kula, akaniuliza, "Mama, umejibana na mlango?" Nilikwenda kuitoa kabla sahani hazijaondolewa.

Ya dhahabu yenye kumetameta ni nzuri kwa harusi, lakini kuiondoa ni kazi ya nusu siku. Vile vimeta hung'ang'ania ukucha kama kupe.

Damu ya mzee, ah, hiyo ndiyo yenyewe! Ilinikaa mimi, ikamkaa binamu, ikamkaa hata yule msichana wa duka la maziwa aliyeomba kujaribu kidole kimoja. Inapendeza kwenye ukucha mfupi, ambao ndio ukucha wa mwanamke anayefanya kazi, tena inaficha umanjano wa bizari. Kwangu ilidumu siku nne kabla ya kuanza kubanduka nchani, na siku ya nne ndiyo niliyofua mablanketi.

Baridi ina vituko vyake katika jambo hili. Rangi huwa nzito chupani na hukawia kukauka, nasi kwa haraka zetu tunamimina asetoni ndani ili iwe nyepesi. Msifanye hivyo. Asetoni ni ya kuondolea rangi. Ukiichanganya humo unaiharibu, nayo itapasuka na kubanduka kesho yake. Weka chupa iliyofungwa ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha izungushe kati ya viganja polepole, usiitikise ikajaa mapovu. Paka mara mbili nyembamba badala ya mara moja nene. Na tafadhali, najua baridi inavyotuvuta jikoni, lakini usipake kucha kando ya jiko la makaa au la gesi. Rangi hii na asetoni hushika moto upesi mno, na mvuke wake pia.

Kuna wanaoniuliza habari za jeli, ile rangi inayokaushwa kwa taa, inayodumu wiki mbili au zaidi. Inapendeza, siwadanganyi. Desemba iliyopita nilitiwa jeli kwa shilingi 500, na Januari, karo zikiwa zimenibana, sikutaka kulipa tena ili itolewe. Nikaibandua mwenyewe, kwa meno, nikitazama taarifa ya habari. Iliondoka na tabaka la juu la ukucha. Vidole vilibaki na kucha laini kama karatasi, nikashindwa hata kumenya chungwa. Ukucha wa mkononi hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kuupata mpya kamili ni karibu nusu mwaka. Njia halali ni pamba iliyoloweshwa asetoni, kidole kimefungwa kwa karatasi ya foili dakika 10 hadi 15, mpaka jeli ilegee yenyewe. Tena anayekupaka awe mwangalifu isiguse ngozi, kwa kuwa jeli isiyokaushwa vizuri inaweza kukuletea mzio usioondoka maishani. Umoja wa Ulaya, kuanzia Septemba 1, 2025, ulipiga marufuku kemikali moja iitwayo TPO iliyokuwa ikitiwa katika jeli nyingi ili zikauke kwa taa. Chupa zisizouzika kwao hutafuta soko mahali pengine, kwa hiyo soma maandishi ya kando kabla ya kunyoosha mkono.

Kwa dada zetu Waislamu, ambao rangi huzuia maji ya udhu kuufikia ukucha, hina ingalipo, na Eastleigh haijawahi kukosa. Hina halisi huacha rangi kati ya chungwa na hudhurungi, na huhitaji saa kadhaa. Inayotoa weusi ti kwa muda mfupi, ile piko, aghalabu ina dawa ya kupaka nywele, nayo imewatoa watu malengelenge mikononi.

Ya mafuta nisiyarefushe. Mikono inayopauka kwa baridi haihitaji chupa ya shilingi 2,000. Arimis ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na sijui nyumba ya Eastlands isiyokuwa nayo. Paka usiku, sugua hadi kwenye mizizi ya kucha, ulale.

Nilikusudia kumalizia hapo, lakini kuna jambo lililotokea wiki jana ambalo linanikaa rohoni.

Yule jirani yangu alipanda kwangu jioni, akakaa, akaweka mezani kikopo kidogo cha krimu. Alikuwa amekinunua peke yake, katika duka nisilolitaja. "Nisomee maandishi haya," akasema. "Wewe mtu wa magazeti macho yako ni mazuri."

Kikopo hakikuwa na orodha ya vilivyomo. Kilikuwa na picha ya mwanamke mweupe kama maziwa, maandishi ya lugha nisiyoifahamu, na kikaratasi cha Kiingereza. Nilimtazama shingo. Kulikuwa na baka jekundu chini ya sikio, akilifunika kwa kitambaa.

"Mama, umeitumia siku ngapi?"

"Tisa. Msichana wangu, usinitazame hivyo. Wageni wanakuja kuleta mahari. Wifi yangu alisema mbele ya watu kwamba mama ya bibi harusi ameungua kama makaa."

Sikuwa na jibu la hilo. Nilikisoma kikaratasi. Mstari wa tatu ulisema usiruhusu krimu hii iguse vito vya dhahabu wala fedha.

Nilimwambia ninalolijua. Wachimba dhahabu wa Migori huchanganya mchanga wao na zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu na kuikusanya. Krimu inayokuonya uvue pete ina dalili kubwa ya kuwa na zebaki hiyo hiyo. Zebaki huing'arisha ngozi kwa kuizuia kutengeneza weusi wake, lakini haikomei kwenye ngozi. Huingia mwilini, huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto. Mwaka 1998 serikali yetu ilipiga marufuku orodha ndefu ya krimu na sabuni zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliwaangamiza watu kupitia samaki, unazihusu pia krimu hizi. Marufuku yote hayo, na kikopo kiko mezani kwangu Umoja.

Alinyamaza. Kisha akaanza kuizungusha pete yake. Mume wake alifariki zamani. Pete ile ndogo ya dhahabu aliitiwa mwaka 1994.

"Hii sijawahi kuivua," akasema, "hata nikikanda unga wa chapati za watu 40. Leo niivue kwa sababu ya kikopo?"

Asubuhi yake tulikwenda pamoja kwa daktari wa ngozi, tukiwa na kikopo mkobani ili akione. Alimwambia asiipake tena, akamtaka afanyiwe kipimo cha mkojo, na kwa sababu krimu za aina hiyo wakati mwingine huwa na steroidi pia, ngozi inaweza kuchafuka zaidi kwa muda kabla ya kutulia. Majibu ya kipimo bado tunayangoja. Kikopo kimefungwa ndani ya mkebe wenye kifuniko, juu ya kabati langu, mbali na watoto, mpaka tuambiwe pa kukipeleka.

Tulipokuwa tukishuka ngazi za zahanati, aliunyoosha mkono wake mbele yake, ule wenye pete, akautazama.

"Ile rangi yako ya damu ya mzee," akaniuliza, "imebaki?"

Imebaki zaidi ya nusu ya chupa. Tumekubaliana nitampaka siku moja kabla ya wageni, usiku, baada ya kumaliza kumenya viazi. Wifi yake naye amesikia, na ametuma ujumbe kuuliza inauzwa wapi.