Msiwasute Vijana, Ulizeni Maktaba Iko Wapi

Kila inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, malenga wenzangu hutunga beti za kuwasuta vijana: hawasomi, wamemezwa na simu, lugha wameivuruga. Mimi niliyefundisha sekondari hadi nikastaafu, na sasa ninaishi Buguruni, naikataa hukumu hiyo. Mshitakiwa siye.

Tanganyika ilitunga sheria ya maktaba mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mchanga. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, kwenye barabara iitwayo leo Bibi Titi Mohamed. Sensa ya mwaka huo iliukuta mji wa Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Hata ukiviondoa vijiji vilivyomezwa na jiji, nani atasema huduma ya maktaba imekua kwa kadiri hiyo? Mtoto wa Buguruni au Gongo la Mboto angali akiifuata ile ile Maktaba Kuu, tena kwa daladala ambayo konda wake humkwepa mwanafunzi kwa sababu ya nauli yake ndogo. Naye huenda! Ingieni siku yoyote karibu na mitihani mwone meza zilivyojaa. Na wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, wangekula nini kama watu hawasomi?

Tena tujitazame. Sheria ya 1975 humtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu chake kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Ninyi mliojichapishia diwani, wangapi mmewasilisha? Nyingi zimo makabatini, nyingine mligawa harusini. Kijana azisome wapi?

Sidai kasri. Nadai chumba kimoja katika kata, chenye rafu, taa na mkutubi aliyesomea kazi yake pale Bagamoyo, kinachofunguliwa jioni watoto watokapo shule. Lugha yetu imempa mwakilishi wa kata na kitabu cha mashairi jina moja, diwani. Basi huyo wa kata na asutwe Julai ijayo, na hizo za makabatini zipelekwe maktaba. Barua yangu kwa diwani wetu nimekwisha kuiandika. Nangoja kusikia za kwenu.