Ngoma Ndiyo Mama wa Upanga

Wako vijana wetu, na hata baadhi ya walimu wao, waaminio kwamba shujaa wa sinema za panga za Kichina hutisha kwa sababu ya hasira na misuli yake. Wengine hudai kuwa mwendo wake ule, wenye madaha na hatari kwa pamoja, ni hila za kamera na nyaya tu. Hoja zote mbili ni dhaifu, na nyuma yake limejificha kosa kubwa zaidi: dharau ya ngoma.

Tuutazame ukweli. Mwaka 1966 mwongozaji King Hu alitoa sinema iitwayo Come Drink with Me. Ndani yake binti mpiganaji ameketi katika nyumba ya wageni, majambazi wamemzunguka, naye hatikisiki. Utulivu wake ndio unaotutia hofu. Aliyeigiza, Cheng Pei-pei, hakutoka katika upiganaji. Alifunzwa dansi ya baleti. Aliyepanga mapigano, Han Yingjie, alitoka katika opera ya Peking, ambamo kuimba, kucheza na kupigana ni fani moja. Jackie Chan na Sammo Hung walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya namna hiyo huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Bruce Lee, kabla dunia haijalijua teke lake, alikuwa bingwa wa chacha wa Hong Kong mwaka 1958. Na Michelle Yeoh, shujaa wa Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, alisomea baleti Uingereza. Je, haya yote ni bahati nasibu?

Hasha! Mcheza ngoma hujifunza mambo matatu ambayo hasira haiyajui. Kwanza, hujua uzito wa mwili wake uko mguu gani, hivyo aweza kugeuka upande wowote bila kuyumba. Pili, hujua kituo: kunyamaza kwa mwili kabla ya mdundo. Tatu, hatumii nguvu pasipohitajika. Mwenye hasira huinua bega kabla ya kupiga, akamtangazia adui nia yake. Mcheza ngoma hatangazi kitu. Ama nyaya, humwinua mtu lakini hazimfundishi kutua. Mfunge nyaya asiyejua kucheza, naye ataning'inia kama gunia la mkaa.

Wala hekima hii si ya Wachina peke yao. Katika mwambao wetu wachezaji wa kirumbizi hukabiliana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikilia. Aliyepoteza mdundo amepoteza kinga yake. Babu zetu hawakuutenga mchezo na ushujaa.

Waliotutenganisha navyo twawajua. Katika shule nyingi za kikoloni ngoma ilihesabiwa kuwa ushenzi. Ndiyo maana mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kuwa wasomi wetu walijua dansi za kigeni na hawakuzijua ngoma zao. Lakini ugonjwa haukuisha kwa hotuba. Hata leo ziko shule ambazo ngoma hukumbukwa siku ya mgeni rasmi tu, kisha hufungiwa stoo pamoja na viti vya wageni.

Watasema mtihani hauulizi ngoma. Nami nauliza: ni mtihani gani wa maisha usiotaka utulivu, kipimo na subira? Kijana anayerusha mateke uani, akiiga sinema, amechukua ganda na kuacha kiini. Asikaripiwe, apelekwe penye ngoma, afundishwe kusimama kabla ya kufundishwa kuruka. Na mwalimu amtunze hapo, maana wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa.