Dokta, usimgombeze mgonjwa aliyekunywa dawa ya majani

Mama analeta mtoto mwenye homa kali kwenye kituo cha afya. Wanamuuliza: «Mama, ulimpa dawa gani nyumbani?» Anajibu: «Hapana dokta, hakuna.» Kumbe mtoto ana siku tatu anakunywa maji ya majani aliyoletewa na jirani. Katika Kivu yetu, nani hajui habari kama hii? Mama anadanganya kwa sababu anaogopa kugombezwa mbele ya watu. Na daktari anaandika dawa bila kujua mwili wa mtoto umekwisha kupokea nini.

Kwa maoni yangu, tunahitaji madaktari wa familia wanaojua pande zote mbili. Marekani, daktari Andrew Weil alianzisha mwaka wa 1994, katika Chuo Kikuu cha Arizona, mafunzo ya madaktari juu ya tiba unganishi. Daktari wa namna hiyo anapima damu na kuandika dawa kama wengine, lakini anauliza pia juu ya chakula, usingizi, mahangaiko na mimea anayotumia mgonjwa. Wenzake wengine walimkosoa vikali: dawa isiyopimwa, walisema, haina nafasi hospitalini. Onyo hilo ni la haki.

Lakini mimea si kitu cha kuchekwa. Hapa Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kinini kutoka magome ya mti wa kinkina. Mchina Tu Youyou alipata tuzo la Nobel mwaka wa 2015 kwa kutoa katika artemisia dawa ya malaria ambayo leo iko katika vidonge vyetu. Mimea hiyo iliingia hospitalini kwa kupimwa.

Hata hivyo, mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema halikubali chai ya artemisia kwa kutibu malaria. Kipimo cha dawa ndani ya majani hubadilika. Kikiwa kidogo, vimelea havifi vyote na vinaweza kuzoea dawa. Nani atamueleza mama jambo hilo? Aliyemgombeza hatasikilizwa. Aliyemuuliza kwa heshima atasikilizwa.

Kwa hiyo, vyuo vikuu vyetu vifundishe wanafunzi wa udaktari namna ya kuuliza. Fishi ya kila mgonjwa iwe na swali hili: umetumia dawa gani ya kienyeji, na tangu lini? Waganga wa kienyeji nao wakubali kwamba mtoto mwenye degedege hapaswi kulala kwao hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali mara moja.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli. Ila tujiulize pia ni nani aliyemfundisha mama huyu kuficha.