Waheshimiwa, Wafungulieni Wagonjwa Mlango wa Dawa

Waheshimiwa wabunge mliochaguliwa na watu wa Kasongo na Kabambare, naomba mnisikilize katika jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini. Ni jambo la bangi. Siwaombei wavutaji. Nawaombea wagonjwa mahututi, wale ambao ndugu zao wamekwisha kuambiwa wawarudishe nyumbani.

Ingieni siku moja katika nyumba ya mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi kule Kabambare. Mionzi ya kutibu ugonjwa huo haipo Maniema nzima. Mvua ikinyesha, barabara ya kwenda Kasongo ni tope tupu, na juu ya pikipiki kila shimo ni kisu tumboni mwake. Basi amelala mkekani, ameuma ncha ya kitenge ili watoto wasiamshwe na kilio chake, na dawa aliyo nayo ni vidonge vya parasetamoli. Jirani akimletea majani ya bangi katika kipande cha karatasi, binti yake atayachemsha usiku, mlango umefungwa, bila kujua kipimo, bila kujua kama yatamtuliza mama au yatamvuruga akili, na huku anaogopa polisi. Sheria tuliyoirithi kwa Wabelgiji iliihesabu bangi kuwa kosa, na mpaka leo binti huyu hana karatasi ya daktari ya kumlinda.

Mtasema bangi ni sumu. Na kasumba je? Mofini hutokana na kasumba, na kasumba imeangamiza watu wengi duniani. Hata hivyo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ule ule uliozibana dawa za kulevya, unakiri katika utangulizi wake kwamba matumizi ya dawa hizo kwa tiba ni ya lazima ili kupunguza maumivu. Tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika kundi la dawa zilizobanwa kuliko zote. Bado iko chini ya udhibiti, na ndivyo inavyostahili.

Wala nisiwadanganye: bangi haiponyi saratani. Dawa zinazotokana nayo husaidia kutuliza kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani, hulegeza misuli iliyokakamaa kwa baadhi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Kwa maumivu makali, mofini ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo naomba sheria moja izibebe zote mbili, maana kuruhusu bangi ya dawa huku mofini haifiki vijijini ni kuwapa wagonjwa nusu ya haki yao.

Tazameni Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na dawa yenyewe haikuwa ya kitajiri: unga wa mofini, maji safi, kitu cha kuzuia isioze, na rangi ya kuonyesha ukali wake, ili hata asiyejua kusoma asikosee chupa. Mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Waganda walipoona madaktari ni wachache, mwaka 2004 waliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Hapo ndipo penye somo letu. Kwetu vituo vingi vya afya vinaendeshwa na muuguzi, na sheria itakayosubiri sahihi ya daktari bingwa haitavuka Kindu, makao makuu ya jimbo. Kasongo yenyewe si ngeni katika kazi ya kufikisha tiba karibu na watu. Katika miaka ya 1970 mpango wake wa afya ya msingi, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, ulisomwa na wataalamu wa nchi nyingi.

Hofu ya wazazi naielewa. Tumeona vijana wenye bunduki, na moshi wa bangi puani. Lakini bangi ya vijana hao haikutoka hospitalini, na katazo la miaka yote hii halikuwanyang'anya. Sheria ninayoiomba itaje magonjwa kwa majina, itake dawa iliyopimwa katika chupa na si majani ya kuvuta, iweke daftari la kila tone linalotoka, na imwadhibu vikali mhudumu atakayeiuza mlangoni. Na mwenye kuhofia kwamba dini inakataza, awaulize masheikh wetu wa Kasongo; wanajua vema hukumu ya mtu aliyefikwa na dharura.

Jambo moja zaidi, nalo lina uzito. Rwanda mwaka 2020 ilikubali kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Watakuja kwenu wenye makampuni na mikataba mizuri ya namna hiyo. Msianzie huko. Watu wa Kabambare wanaifahamu dhahabu ya mgodi wa Namoya, na wanajua maana ya mali kupita machoni pako ikienda zake. Sheria hii ianze na mgonjwa wa hapa. Biashara, kama itakuja, ingoje nyuma yake.

Msituambie kwamba kuleta muswada ni kazi ya serikali peke yake. Ibara ya 47 ya Katiba inatuhakikishia haki ya afya, na ibara ya 130 inampa kila mbunge na kila seneta uwezo wa kupendekeza sheria. Nanyi wabunge wa jimbo mlioko Kindu, ingawa sheria hii hamwezi kuipiga kura, mnaweza kuwaandikia wenzenu wa Kinshasa na kudai. Kikao cha kwanza cha kawaida cha Bunge kila mwaka hufunguliwa tarehe 15 Machi. Siku hiyo muswada uwe mezani, ukiwa na majina yenu, na majina ya Kasongo na Kabambare yatangulie.